Kifurushi Hakijafika: Nani Anadai, Wapi, na Kiasi Gani

Anayesubiri mzigo ndiye anayekosa usingizi, lakini mwenye dai ni aliyeutuma. Karani wa posta humweleza hivyo mtu anayefika kaunta na namba ya mzigo kwenye simu na hasira kifuani, na wengi huondoka wakidhani wamezungushwa. Hawajazungushwa. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoanzishwa Bern mwaka 1874 na ambacho leo kina nchi wanachama 192, unampa mtumaji haki ya fidia kwa kuwa yeye ndiye aliyelipia huduma. Mpokeaji hupata dai lake mwenyewe akikabidhiwa mzigo uliochokonolewa au ulioharibika, au mtumaji akimwachia haki hiyo.

Kwa hiyo kijana wa Arusha aliyeagiza viatu kwenye duka la mtandaoni la China hana cha kudai posta ya Tanzania. Mtumaji ni muuzaji. Dai la kijana huyu ni la mnunuzi dhidi ya muuzaji, na mahali pake ni sehemu ya malalamiko kwenye jukwaa alikonunulia, ambayo ina tarehe yake ya mwisho. Wauzaji wajanja wanaijua tarehe hiyo kuliko wewe. "Subiri wiki mbili tena rafiki, mzigo uko njiani" ni ujumbe unaopenda kufika siku chache kabla ya muda wa kulalamika kwisha. Fungua dai kwanza, subira ifuate, na usibonyeze kitufe cha kuthibitisha umepokea kitu ambacho hujakishika mkononi, hata ubembelezwe vipi. Aliyelipa kwa kadi anaweza pia kuuliza benki yake utaratibu wa kurejeshewa malipo ya bidhaa isiyofika.

Tubaki na mzigo uliotumwa na ndugu au na mfanyabiashara kwa mteja wake. Kabla ya kuzungumzia fidia, je, umepotea kweli?

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki posta haijazoea kuleta mzigo mlangoni. Anwani ya mtu ni sanduku la posta, na kinachoingia sandukuni ni karatasi ya taarifa tu. Kifurushi chenyewe kinabaki dirisha la vifurushi. Sasa sanduku lenyewe mara nyingi si la mpokeaji. Ni la shule aliyowahi kufundisha baba, la parokia, la ofisi iliyohama jengo, au la mjomba anayelifungua akikumbuka. Karatasi inalala humo, muda wa kuhifadhi unakwisha, na kifurushi kinarudishwa kilikotoka. Mpokeaji anasema kimepotea, posta inasema hakikuchukuliwa, na kwa sheria posta ndiyo iliyo sahihi. Kwa hiyo mpokeaji aende kwanza na kitambulisho na namba ya mzigo kwenye ofisi ambako sanduku lake liko, aulize dirishani, na asitosheke na jibu la mtu ambaye hakuinuka kwenda kuangalia rafu. Kwa maoni yangu, namba ya simu ya mpokeaji ikiandikwa vizuri juu ya kifurushi huokoa mizigo mingi kuliko fomu zote nitakazozitaja hapa chini.

Sababu nyingine ya ukimya ni forodha, au uamuzi wa serikali ambao hauhusiani na kifurushi chako. Mwishoni mwa Agosti 2025 Marekani ilipofuta msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 800, mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko. Mzigo uliokwama ghalani kwa sababu kama hiyo umechelewa, haujapotea.

Ukishajiridhisha kwamba dirishani haupo, chukua risiti yako usome namba iliyobandikwa siku ya kutuma. Ina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, kama TZ, KE au GB. Herufi mbili za mwanzo ndizo zinazoeleza ulinunua huduma gani. Zinazoanza na R ni rejista, C ni kifurushi cha kawaida, V ni kilichokatiwa bima, E ni EMS, huduma ya haraka ya posta. Zikianza na U, ujue huo ni mzigo mdogo wa kawaida ambao posta haikuahidi hata kuufuatilia.

Tarakimu ya tisa ina kazi yake. Inakokotolewa kutokana na zile nane zilizotangulia, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuihakiki. Chukua RR473124829GB. Zidisha 4, 7, 3, 1, 2, 4, 8 na 2 kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kila moja kwa mwenzake, kisha jumlisha: unapata 200. Gawa kwa 11, inabaki 2. Toa 2 kwenye 11, unapata 9, na ndiyo tarakimu ya mwisho. (Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.) Muuzaji aliyekubunia namba ili kukutuliza mara nyingi hajui hesabu hii, na uongo wake unaonekana kabla hujapoteza nauli ya kwenda posta.

Sasa dai lenyewe. Mtumaji anakwenda kwenye posta alikotuma, si ile ya mpokeaji, na kuomba kufungua uchunguzi. Fomu yake kimataifa inaitwa CN 08. Ataulizwa namba ya mzigo, tarehe na ofisi ya kutuma, majina na anwani za pande zote mbili, vilivyokuwemo na thamani yake. Muda wake ni miezi sita kuanzia siku inayofuata siku ya kutuma. Ukipita, posta haiwajibiki tena, hata kama kosa ni lake waziwazi. Watu wanaishiwa na muda huu kwa upole tu: wanaona aibu kulalamika mapema, mpokeaji anawaambia "tusubiri kidogo", Ramadhani inapita, Krismasi inapita.

Ni fomu hiyo inayoilazimisha posta kujibu. Mzigo unapopita kutoka nchi moja kwenda nyingine, kila shirika la posta linapokea kutoka kwa mwenzake. Posta iliyopokea bila kutaja kasoro, kisha ikashindwa kuonyesha kwamba imemkabidhi mpokeaji au imepeleka mbele, ndiyo inayobeba lawama. Ukurasa wa kufuatilia mzigo mtandaoni unaweza kunyamaza mwaka mzima bila kumgharimu mtu. Uchunguzi ukishafunguliwa, ukimya wenyewe unakuwa na gharama: posta ya upande wa pili ikikaa miezi miwili bila kumaliza suala, posta uliyotumia wewe inaruhusiwa kukulipa kwa niaba yake na kumdai mwenzake baadaye. Usiondoke kaunta bila nakala ya fomu yenye mhuri na tarehe.

Je, utalipwa kiasi gani? Hapa ndipo watu hufa moyo, kwa sababu jibu lilishapatikana siku ya kutuma, karani alipouliza, "Mama, kwa rejista au kawaida?" na mama akachagua ya bei nafuu. Barua na mizigo midogo ya kawaida haina fidia yoyote. Rejista iliyopotea hulipwa hadi SDR 30. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachotokana na sarafu tano kubwa, na moja huwa na thamani ya takriban dola 1.3 hadi 1.4. Kwa hiyo rejista ni kama dola 40, mtumaji awe ameweka ndani pete ya dhahabu au leso. Kifurushi cha kawaida kina kanuni yake: SDR 40, ukiongeza SDR 4.5 kwa kila kilo. Tuseme mama wa Tanga amemtumia binti yake aliyeko Muscat kanga na vitenge vya kilo tatu. Ukomo wa fidia yake ni SDR 53.5, yaani dola 70 na kidogo.

Huo ni ukomo, si zawadi. Kama nguo zile zilikuwa na thamani ya dola 35, atalipwa dola 35, na thamani hupimwa kwa bei ya mahali na wakati mzigo ulipopokelewa na posta. Bei ya doti ya kanga pale Tanga ndiyo inayohesabiwa, hata kama Muscat inauzwa mara tatu. Harusi iliyokosa sare, mteja aliyevunja oda, faida uliyoitarajia, havimo. Mzigo uliopotea kabisa unarudishiwa na ada ya kutumia, isipokuwa ile ya rejista au ya bima. Anayetuma kitu cha maana hana njia nyingine ila kutangaza thamani na kukata bima, na hata hivyo aulize kaunta kama nchi inayopelekewa inapokea mizigo ya bima na hadi kiasi gani. EMS nayo ina masharti ya kila shirika. Yaombe kwa maandishi kabla ya kulipa.

Madai mengi mazuri huuawa na karatasi ya forodha. Ni desturi yetu kuandika thamani ndogo kwenye CN 22 au CN 23 ili mpokeaji asitozwe ushuru: simu mpya inakuwa "zawadi, dola 10". Mzigo ukipotea, mtumaji anarudi na risiti ya dukani ya dola 300. Posta inaweza kumlipa kwa kufuata dola zake 10, na ikiwa tamko lilikuwa la uongo na forodha ikakamata mzigo, halipwi kitu. Pia halipwi aliyeweka kitu kilichokatazwa, aliyefungasha vibaya, wala ambaye mzigo wake uliharibiwa na janga lisilozuilika. Mpokeaji naye ana la kufanya: kifurushi kikija kimechanika au kimepungua uzito, aseme hapohapo kabla ya kutia sahihi, kipimwe, kifunguliwe mbele ya karani, na kasoro iandikwe. Sahihi isiyo na neno lolote kwa kawaida humaliza wajibu wa posta.

Kampuni binafsi za usafirishaji hazifuati mkataba huu. Zina masharti yao nyuma ya risiti, na mzigo wa kimataifa wa ndege kwa ujumla unaangukia Mkataba wa Montreal, ambao ukomo wake ni SDR 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024. Kwa vifurushi vya basi, ambavyo ndivyo posta halisi ya Watanzania wengi, tatizo huanzia kwa kumpa kondakta mkononi. Risiti isipoandika kilichomo na thamani yake, huna hata cha kubishania. Maandishi ya "kampuni haitahusika na upotevu" yasikukatishe tamaa: kusafirisha vifurushi na vipeto Tanzania ni biashara ya leseni ya TCRA, mdhibiti wa mawasiliano na posta nchini, na mwenye leseni anaweza kulalamikiwa.

Posta au kampuni ikikataa dai, iombe sababu kwa maandishi. Anza na malalamiko kwake yeye mwenyewe, kwani mdhibiti, awe TCRA Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, atauliza kwanza kama ulifanya hivyo. Nakala ya CN 08, risiti ya kutuma, risiti ya bidhaa na barua ya kukataliwa zinatosha kuanzia.

Kuna wakati mzigo hujitokeza baada ya fidia kulipwa, umelala nyuma ya rafu katika mji ambako haukutumwa. Posta inatakiwa kumwarifu mtumaji au mpokeaji kwamba umepatikana na unamngoja kwa miezi mitatu, mradi arudishe fidia aliyolipwa. Wote wawili wakiukataa, mzigo unakuwa mali ya posta iliyolipa. Aliyekuwa na kanga za dola 35 huenda akabaki na pesa. Aliyetuma vyeti vya shule atafurahi kuzirudisha.