Bolti ya Injini Ikilegea



Msimu wa karafuu gari hazipumziki, na njia za shamba zina mashimo mengi. Ukisikia mlio wa kugonga chini ya boneti kila unapoondoa gari, tazama kwanza bolti za vile vyuma vinavyoishika injini. Injini inayocheza huvuta mipira ya maji na nyaya, mwisho ikakuacha njiani na magunia yako, na karafuu kavu zikirowa mvua hasara ni yako.

Ngoja injini ipoe. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, tia mawe magurudumuni. Weka kipande cha ubao juu ya jeki, uinue injini kidogo tu ili uzito uiachie bolti. Usijilaze chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Kukaza tu hakutoshi. Yataka kujua sababu. Itoe bolti uitazame. Ikiwa imepinda au meno yamelika, tafuta nyingine ya unene, urefu na meno yale yale, na nambari ile ile ya kichwani, kama 8.8 au 10.9, maana hiyo ndiyo nguvu yake. Tazama na mpira wa injini: ukiwa umepasuka, hata bolti mpya italegea.

Safisha meno, anza kuiingiza kwa vidole, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukizidisha nguvu itakatika. Baada ya siku chache itazame tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katibu