Usugu wa Bakteria dhidi ya Mionzi: Dhana ya Kisayansi na Sitiari Iliyomo katika Istilahi

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ile ya kiganja cha mkulima. Neno usugu hutumika pia kueleza hali ya vimelea kutodhurika na dawa. Istilahi hii imekubalika, lakini sitiari yake inaweza kupotosha, kwa kuwa kiganja kinachokomaa ni kile kile kilichosuguliwa. Mtaani Kinanira, Bujumbura, ambako Kiswahili huzungumzwa sambamba na Kirundi na Kifaransa, mgonjwa huweza kusema kwamba mwili wake "umezoea dawa". Makala haya yanatumia jaribio la mionzi kuonyesha kwamba usugu wa bakteria hautokani na mazoea ya aina hiyo.

2.0 Jaribio

Bakteria Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa Marekani mwaka 1956 katika nyama ya kopo iliyopigwa mionzi ili isioze, huhimili grei 5,000, ilhali grei 5 kwa mwili mzima zaweza kumuua binadamu. Escherichia coli wa kawaida hana uwezo huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Michael Cox, John Battista na wenzao waliwapiga E. coli mionzi kwa kipimo cha kuua zaidi ya asilimia 99 yao. Wachache waliosalia walikuzwa, kisha wakapigwa mionzi tena. Mzunguko huo ulirudiwa mara 20, na kipimo kikaongezwa kadiri usugu ulivyokua. Mwishowe usugu wa kizazi kilichopatikana uliukaribia ule wa Deinococcus.

Mionzi hukatakata DNA. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulibaini kwamba, katika bakteria mmoja aliyetokana na jaribio hilo, mabadiliko matatu ya jeni yalitosha kueleza sehemu kubwa ya usugu. Mojawapo lilikuwa katika jeni recA, inayohusika na ukarabati wa DNA iliyokatika. Mabadiliko kama hayo hutokea kwa nasibu. Mionzi yenyewe yaweza kuyasababisha, lakini haiyaelekezi. Inachofanya ni kuchuja, ili wenye mabadiliko yafaayo wabaki na kuzaana. Huu ndio uteuzi asilia.

3.0 Hitimisho

Tofauti hii ina uzito katika sera. Anayeamini kwamba mwili ndio uliozoea dawa hatakuwa na sababu ya kuhofia kwamba vimelea sugu vitamwambukiza jirani yake. Ni kweli kwamba usugu dhidi ya dawa una njia ya ziada, kwani bakteria huweza kupeana jeni. Hata hivyo, uteuzi unabaki kuwa msingi. Hatupendekezi kuliacha neno usugu. Tunapendekeza kwamba kamusi za istilahi na matangazo ya afya katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yalifafanue kwa kauli moja bayana: wanyonge wamekufa, sugu wamesalia na kuzaana.