Jina na Nasaba katika Nchi ya Moshi

Mwezi wa Septemba 2023 ilitangazwa mjini Berlin ya kwamba wamepatikana jamaa walio hai wa watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa Afrika ya Mashariki zamani za utawala wa Wajerumani. Mafuvu 1,135 yalikuwa yamechunguzwa asili yake, na manane katika hayo yakalinganishwa kwa vinasaba na watu wa Tanzania. Moja liliafikiana kabisa na mtu aliye hai, na mengine mawili kwa karibu sana. Miongoni mwa mafuvu hayo limo moja lililoandikwa juu yake neno "Akida", nalo likajulikana kuwa la mshauri mkubwa wa Mangi Meli wa Moshi.

Neno hilo lastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili akida ni mkuu wa kikosi. Wajerumani walilitumia kuwa cheo cha mtawala mdogo wa wilaya, na watu wengine huitwa hivyo kwa jina. Asomaye herufi tano hizo peke yake hawezi kuamua kama ni jina au cheo. Uamuzi hutoka kwa wenyeji, ambao walihifadhi habari za mtu yule.

Mashaka ya namna hiyo ni mengi katika nyaraka za Uchagani. Baba yake Meli, aliyefariki mwaka 1891, kwao aliitwa Rindi, lakini wageni wengi walimwandika Mandara. Asiyejua hayo atahesabu wamangi wawili badala ya mmoja. Hali kadhalika waandishi wa Kijerumani waliandika Dschagga, Moschi na Madschame kwa maendelezo ya lugha yao, na atafutaye barua za babu zake chini ya herufi za leo huenda asizione kamwe.

Tena iko desturi ya kurithisha majina. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo jina moja hurudi kila baada ya kizazi kimoja, na mtafiti asiye na tahadhari huwafanya babu na mjukuu kuwa mtu mmoja. Hapo kihamba husaidia, kwa kuwa shamba la ukoo hupokewa na wana kutoka kwa baba zao, na makaburi yaliyomo, pamoja na masale yanayoonyesha mipaka, huwakumbusha wazee nani alimfuata nani.

Wengi hudhani ya kuwa vinasaba vitaondoa mashaka yote. Yafaa ieleweke vinavyofanya kazi. Kromosomu ya Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote. Basi mtu, kaka yake, baba yake na baba zake wadogo huwa na kromosomu ya Y iliyo moja, isipokuwa kwa mabadiliko machache. Kromosomu hiyo ni kama neno "baba" lenyewe, ambalo Mswahili humwitia mzazi wake na ndugu wa mzazi wake: laonyesha mlango wa ukoo, wala halimtaji aliyeingia.

Jambo hili si la maktaba tu. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Moshi ya Kale pamoja na viongozi wengine, na inasimuliwa ya kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Katika mafuvu yaliyotambuliwa mwaka 2023 lake halikuwamo. Akizikwa mtu katika kihamba kisicho chake kwa sababu ya neno lililosomwa vibaya, koo mbili hudhulumiwa: moja yampokea mgeni kama babu, na nyingine yaendelea kungoja.

Kwa hiyo kazi ya mwanalugha haiwezi kuahirishwa. Vinasaba vyaweza kungoja katika mfupa miaka mia na zaidi, lakini matamshi ya jina, na habari ya nani aliitwa kwa jina la nani, hukaa katika vinywa vya wazee. Yapasa yaandikwe kama wenyewe wanavyoyatamka, kabla ya wanaoyajua hawajaondoka.