Hesabu ya Kura za Makabila: Fundisho la Bungoma na Kitale

Wachambuzi wengi wa uchaguzi nchini Kenya hukadiria kura za mgombea kwa kuzidisha vitu vitatu katika kila jamii: waliojiandikisha, kiwango cha watakaojitokeza, na sehemu itakayomchagua. Kisha hujumlisha. Tuseme jamii ina wapiga kura 100,000. Wakijitokeza asilimia 80 na kumpa asilimia 90, anavuna kura 72,000. Wakijitokeza asilimia 65 na kugawanyika nusu kwa nusu, anaambulia 32,500.

Hesabu hiyo ilivuma kabla ya uchaguzi wa 2013, mchambuzi Mutahi Ngunyi aliposema Uhuru Kenyatta na William Ruto walikwisha kushinda siku uandikishaji ulipofungwa, Desemba 2012. Uhuru alipata asilimia 50.07. Wengi waliona kanuni imethibitika, ingawa kura zilizomvusha nusu hazikufika 10,000. Badiliko dogo tu katika kujitokeza lingeupeleka uchaguzi kwenye duru ya pili.

Udhaifu wa hesabu hiyo ni kuichukulia jamii kama kura moja. Bungoma, yenye Wabukusu wengi, tawi la Waluhya, ilimweka Raila Odinga mbele mwaka 2013, mwanasiasa wa huko Moses Wetang'ula akiwa kambi yake, huku Musalia Mudavadi, Mluhya pia, akiwania urais mwenyewe. Mwaka 2022 Wetang'ula na Mudavadi walikuwa upande wa Ruto, naye akapata zaidi ya kura sita katika kila kumi za Bungoma. Kabila halikubadilika, miungano ndiyo iliyobadilika.

Kitale, mji wa kaunti ya Trans Nzoia, ni mtihani mgumu zaidi. Trans Nzoia iligawiwa walowezi wapya baada ya Wazungu kuondoka, na leo Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wakikuyu na Waturkana wanaishi pamoja. Sensa ya 2019 ilichapisha idadi za makabila kwa taifa zima, si kwa kaunti, hivyo mchambuzi hulazimika kubahatisha kabila kutokana na matokeo ya vituo vya kupigia kura. Tangu 1950, mtafiti W. S. Robinson alikwisha kuonyesha kwamba uhusiano unaoonekana katika eneo zima huenda usiwepo kwa mtu mmoja mmoja.

Mwaka 2022 huohuo, Trans Nzoia ilimchagua George Natembeya wa DAP-K, chama kilichokuwa katika Azimio, muungano wa Raila, kuwa gavana, na jirani yake Bungoma ikamchagua Ken Lusaka wa Ford Kenya, chama cha Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Ni vigumu kwa modeli inayowahesabu Wabukusu kama kundi moja kutoa majibu hayo mawili. Na kosa la eneo moja si dogo: katika urais, Ruto alimzidi Raila Bungoma kwa kura zaidi ya 100,000; nchi nzima alimzidi kwa 233,211.