Mlango upi ni mgumu zaidi?

Wazazi wengi hutuuliza ni ngazi gani ya chuo kikuu iliyo ngumu kuingia. Hapa Kongo, katika mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3, masta miaka 2, kisha doktora. Lisansi huomba kwanza diploma ya Serikali. Fakilte zingine huongeza mtihani wa kuingia. Masta huangalia pointi za lisansi na kama masomo yanalingana. Kwa doktora, pointi nzuri hazitoshi: lazima profesa akubali kusimamia utafiti wa mwanafunzi. Basi kijana wetu akikwama pale, tusimwite mvivu. Na kabla ya kuuza ng'ombe, tumuulize: umeshapata profesa wa kukusimamia?