Kazi ya Shabiki: Namna Jumuiya za K-pop Zinavyojengwa na Zinavyojadiliana

K-pop ni jina linalotumika kwa muziki wa kizazi kipya wa Korea Kusini, lakini kwa wanaoufuatilia kwa karibu jina hilo hubeba pia mfumo wa kuwaandaa wasanii, utaratibu wa kuuza kazi zao na, jambo ambalo husahauliwa na wanaoutazama kwa mbali, kazi kubwa inayofanywa na mashabiki wenyewe. Msanii wa mfumo huu huitwa aidoli, yaani kijana aliyechukuliwa na kampuni akiwa mwanagenzi, akafunzwa kuimba, kucheza, lugha za kigeni na namna ya kuzungumza mbele ya kamera kwa miezi au miaka, kisha akatambulishwa kwa umma akiwa sehemu ya kikundi. Shabiki wa kikundi hicho hupiga kura, hufasiri mahojiano, hutunza kumbukumbu, hununua na hulitetea jina la kikundi, na bila kazi yake sehemu kubwa ya mfumo huo ingesimama.

Historia ya K-pop huanzishwa kwa kawaida mwaka 1992, kikundi cha Seo Taiji and Boys kilipoingiza rap na dansi ya Marekani katika nyimbo za Kikorea, ingawa ushabiki kama unavyojulikana leo ulishika mizizi mwaka 1996, kampuni ya SM Entertainment ya Lee Soo-man ilipozindua kikundi cha vijana watano kilichoitwa H.O.T. Mashabiki wake walibeba maputo meupe, na Sechs Kies walipotokea mwaka 1997 wafuasi wao wakashika ya manjano, hivyo mtu aliyeingia ukumbini aliweza kujua kwa kutazama viti tu ni kikundi gani kimeleta watu wengi zaidi.

Maputo yalifuatwa na taa za mkononi, ambazo kila kikundi kikubwa sasa kina ya kwake: ya Big Bang ina umbo la taji, ya BLACKPINK ni nyundo yenye mioyo miwili, na ya BTS huunganishwa na simu ya shabiki, naye akaingiza namba ya kiti chake, ili mafundi waweze kubadili rangi ya maelfu ya taa kwa mpigo mmoja. Taa hizo zinaweza pia kuwa silaha. Mwezi Juni 2008, katika tamasha la Dream Concert mjini Seoul, mashabiki wa vikundi kadhaa vya wavulana walizima taa zao na kunyamaza kwa takriban dakika 10 wakati Girls' Generation walipokuwa jukwaani, tukio ambalo bado hukumbukwa kwa jina la bahari nyeusi. Wasichana hao tisa walikuwa hawajatimiza hata mwaka mmoja tangu watambulishwe, na kuwatumbuiza watu walioamua kwa pamoja kutowaona ulikuwa ukatili usiostahili kusifiwa. Hata hivyo tukio hilo linaonyesha kwamba tayari wakati huo umati wa K-pop ulikuwa na mipango, nidhamu na uwezo wa kutoa hukumu.

Nidhamu hiyo hiyo, ikitumiwa kwa wema, ndiyo inayozaa uitikiaji wa mpangilio, ambao ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi ya utamaduni huu. Wimbo unapotolewa, kampuni huchapisha mwongozo unaoonyesha ni neno gani la kuitikiwa, ni mahali gani pa kupaza sauti na ni wapi pa kumwachia mwimbaji nafasi, na mashabiki huukariri kabla ya onyesho. Wale wa BTS, kikundi kilichotambulishwa tarehe 13 Juni 2013, hutaja majina kamili ya wanakikundi wote saba, wakianza na kiongozi Kim Namjoon, kisha wakifuata umri kutoka Kim Seokjin hadi Jeon Jungkook aliye mdogo kuliko wote, na kumalizia kwa jina la kikundi. Mtu anayeyasikia majina hayo kwa mara ya kwanza anaweza kuyachukulia kuwa kelele za kawaida, kumbe ni maandishi yaliyosomwa na kufanyiwa mazoezi, na asiyeyajua hujulikana mara moja.

Mazungumzo ya mashabiki, ambayo kwa wengi ndiyo raha kuu ya ushabiki, hayaeleweki bila kuelewa muundo wa kikundi. Kila mwanakikundi hupewa nafasi: yupo kiongozi, mwimbaji mkuu, mchezaji mkuu, rapa, anayesimama katikati wakati wa kucheza, na kitinda mimba, ambaye Wakorea humwita maknae na ambaye huruhusiwa utundu ambao wakubwa wake hawaruhusiwi. Shabiki naye huwa na kipenzi chake mkuu, kwa Kikorea choeae, na swali la kwanza ambalo mashabiki wawili wanaokutana huulizana ni kipenzi cha kila mmoja ni nani. Jibu si dogo, kwa sababu hueleza mtu anathamini nini: sauti, dansi, utunzi, ucheshi au subira ya mtu aliyekaa uanagenzini kwa muda mrefu. Mipaka ya upendo huo huzua mvutano mkali, kwa kuwa wapo wanaowapenda wote kwa usawa na wapo wanaomtaka mmoja na kuwadharau wenzake. Hawa wa pili huitwa akgae, jina la lawama, na jumuiya nyingi huwatenga.

Mjadala ulio na uzito zaidi, hata kama huonekana wa kitoto kwa walio nje, ni ule wa mgawanyo wa mistari, yaani kiasi cha wimbo kinachopewa kila mwanakikundi. Kikundi cha SEVENTEEN kina watu 13, na wimbo wa dakika 3 ukigawanywa sawasawa kwa watu hao kila mmoja hupata chini ya sekunde 14, hivyo kampuni hulazimika kuchagua nani asikike na nani asimame nyuma. Mashabiki hupima muda wa kila sauti kwa sekunde, huandaa majedwali, hulinganisha wimbo huu na uliotangulia, kisha huhoji kwa nini mwimbaji fulani mwenye uwezo hukosa nafasi albamu baada ya albamu. Huo ni uhakiki wa kweli, unaodai sikio makini na ushahidi, na ndani yake limo swali la haki kazini, kwa kuwa anayeimba sekunde chache kila mara ndiye ambaye baadaye hukosa matangazo, mialiko na kazi za peke yake.

Swali la haki ndilo pia linalofanya mkataba wa miaka 7 uzungumzwe sana. Mwezi Julai 2009 wasanii watatu wa kikundi cha TVXQ, Jaejoong, Yoochun na Junsu, waliishtaki kampuni yao mahakamani wakipinga mkataba wa miaka 13, na mwaka huo huo Tume ya Biashara ya Haki ya Korea iliweka mkataba wa mfano wenye kikomo cha miaka 7. Tangu hapo mashabiki huhesabu miaka, kwa kuwa mwaka wa saba ndio uliovunja vikundi vingi, 2NE1 na Sistar wakiwemo, ilhali wasanii wote tisa wa TWICE waliongeza mkataba mwaka 2022, na BLACKPINK mwaka 2023 walikubaliana na kampuni yao kuhusu kazi za kikundi huku kila mmoja akiendesha zake kwingine.

Kazi ya shabiki huonekana waziwazi wimbo mpya unapotoka. Tangu mwaka 2017, chati za Korea zilipobadili kanuni ili kupunguza nguvu ya nyimbo zinazotolewa usiku wa manane, nyimbo nyingi hutolewa saa kumi na mbili jioni kwa saa za Seoul, ambayo ni saa sita mchana Dar es Salaam na Nairobi. Zinazolenga chati za Marekani mara nyingi hutolewa Ijumaa saa saba mchana ya Korea, kama ilivyokuwa kwa "Dynamite" ya BTS mwezi Agosti 2020, nayo Afrika Mashariki ni saa moja asubuhi. Wiki inayofuata huwa ya vipindi vya televisheni, Music Bank cha KBS na Inkigayo cha SBS vikiwa miongoni mwao, ambavyo mshindi wake hupatikana kwa kujumlisha usikilizaji wa mtandaoni, mauzo ya albamu, utazamaji wa video na, katika vipindi kadhaa, kura. Wakati mwingine mtu mmoja hutosha: wimbo wa EXID uitwao "Up & Down" ulikuwa umekwisha kuporomoka kwenye chati mwaka 2014 hadi video ya mwanakikundi Hani iliyorekodiwa na shabiki ilipoenea, nao ukapanda upya hadi kileleni.

Penye tatizo kubwa ni kwenye albamu. Ndani ya kila kifurushi kwa kawaida mna kadi ya picha ya mwanakikundi mmoja, isiyojulikana hadi kifunguliwe, na kampuni huandaa hafla za kusainiwa albamu ambazo nafasi zake hutolewa kwa bahati nasibu kwa walionunua, hivyo mwenye nakala 50 ana nafasi 50. Mauzo ya wiki ya kwanza, yanayoitwa chodong na kuhesabiwa na chati ya mauzo ya Hanteo, yamegeuka kuwa kipimo cha heshima: mwaka 2023 SEVENTEEN waliuza zaidi ya nakala milioni 4.5 za "FML" na Stray Kids zaidi ya milioni 4.6 za "5-Star" katika wiki ya kwanza. Nyingi ya diski hizo hazichezwi kamwe, na kundi la Kpop4Planet, lililoanzishwa na mashabiki mwaka 2021, limekuwa likizidai kampuni zipunguze taka hizo.

Hesabu zimeanza kula nafasi ya muziki katika mazungumzo ya mashabiki, na lawama ya kwanza ni ya kampuni zilizobuni bahati nasibu, wala si ya msichana wa miaka 16 anayetumia akiba yake yote kutafuta kadi ya kipenzi chake. Kampuni hizo zina uwezo wa kuweka kikomo cha nakala kwa kila mnunuzi, na albamu zisizo na diski tayari zinauzwa. Mashabiki wenye uwezo wa kuhesabu sekunde za kila sauti wana uwezo pia wa kulidai hilo kwa pamoja, na wanapaswa kulidai sasa.