Kwa Nini Wingu la Eos Lilichelewa Kuonekana
Mwezi Aprili 2025, kundi la wanasayansi likiongozwa na Blakesley Burkhart wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, lilitangaza kugundua wingu la gesi lililopewa jina la Eos, lililoko takribani miaka ya nuru 300 kutoka duniani. Tungamo lake ni takribani mara 3,400 ya lile la Jua, na lau lingeonekana kwa macho, lingefunika anga kwa upana wa Miezi 40 hivi iliyopangwa sambamba. Kitu kikubwa namna hiyo, tena cha jirani, kilifichikaje?

Jibu limo katika umbile la molekuli ya haidrojeni, ambayo ndiyo malighafi ya nyota. Molekuli hiyo ina atomi mbili zinazofanana kabisa, hivyo haina upande wenye chaji chanya wala hasi, na kwa sababu hiyo hutoa mionzi kwa shida. Aidha, ili ianze kutoa mionzi kwa kuzunguka, huhitaji nishati inayolingana na joto la takribani kelvini 510, ilhali ndani ya mawingu yenye baridi kali joto huwa kelvini 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana wanaastronomia wamezoea kuitafuta kwa kufuata monoksidi ya kaboni, ambayo hung'aa hata penye baridi. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina upofu wake: Eos ina monoksidi hiyo kidogo mno.

Ili haidrojeni yenyewe ionekane, sharti isisimuliwe, yaani ipandishwe nishati. Mionzi ya urujuanimno ya nyota huweza kufanya kazi hiyo. Molekuli ikifyonza mionzi ya urefu wa wimbi kati ya nanomita 91 na 111 hivi, elektroni hupanda ngazi ya juu, na mara huteremka ikitoa urujuanimno. Takribani asilimia 10 hadi 15 ya molekuli huvunjika katika kuteremka huko. Nyingi ya zilizosalia hubaki zikitetema, kisha huitoa nishati iliyobaki kwa miale ya infraredi. Ni mng'ao huo wa urujuanimno, uliorekodiwa na chombo kilichobebwa na setilaiti ya Korea Kusini, STSAT-1, uliolifichua Eos.

Njia nyingine ni kishindo. Katika Nebula ya Orion, gesi itokayo kwa kasi kwenye nyota changa huigonga gesi tulivu na kuipasha joto hadi kelvini 2,000 hivi. Molekuli hugongana, hutetema na kung'aa, hususan kwa miale ya maikromita 2.12. Kwa kulinganisha nguvu ya miale hiyo na mingine ya haidrojeni, mtaalamu hutambua iwapo chanzo ni mwanga au kishindo.